Ubao wa Mtaa na Baraza la Feni

Noritaka Konno alikuwa na miaka thelathini na sita, alikuwa na feni arobaini na sita, na hakuwa na mwanamke. Tuliseme hilo mapema ili lisije likamshtua mtu mbele ya safari. Feni, ndiyo. Za mezani, za kusimama, za ukutani, nyingine za kale zenye mapanga ya chuma ya kukukata kidole, zote zimepangwa chumbani kwake ghorofani na kufutwa vumbi kwa brashi ya poda. Na hapa ni Akita, jamani, kaskazini mwa Japani, ambapo theluji hufunika madirisha na joto lenyewe halifiki miezi miwili. Mtu anakusanya feni Akita! Ukimwuliza kwa nini, atakutajia kiwanda, mwaka na idadi ya mapanga, kisha atatazama viatu vyake.

Kazi alikuwa nayo, tusimwonee. Kampuni moja ya Tokyo ilimtumia vijitabu vya maelekezo ya masufuria ya umeme ya kupikia wali, naye akavisoma mstari kwa mstari akitafuta makosa. Alilipwa mshahara kwa ajili ya kusoma kwa makini. Likumbuke hilo, maana huko mbele litakutia hasira kama lilivyonitia mimi.

Mapenzi yalimpata jalalani. Ilikuwa Agosti, siku ya kutoa vyuma, na Chinatsu Mogami wa nyumba ya jirani alikuwa amebeba feni ya marehemu bibi yake kwenda kuitupa. Akamwona Noritaka anaikodolea macho.

"Kaka, hii bado inazunguka. Unaitaka?"

"Sitini na nne," akasema Noritaka.

"Sitini na nne nini?"

"Mwaka. Ilitengenezwa mwaka wa sitini na nne."

Chinatsu akacheka. "Kumbe imenipita kwa miaka thelathini! Basi ichukue, uiamkie shikamoo kila asubuhi."

Ndiyo hayo tu. Hakuna kingine kilichosemwa. Yule bwana akaikumbatia feni hadi nyumbani, akapanda ghorofani, na usiku huo akawaandikia wenzake kwamba amekutana na mwanamke wa maisha yake.

Hao wenzake ndio balaa lenyewe. Walikuwa wanachama kama mia tatu wa Baraza la Feni, uwanja wa mtandaoni wa wapenda feni kutoka kila pembe ya Japani, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake kwa macho. Kila mmoja alijipa jina. Kulikuwa na Mota Moto, kulikuwa na Waya Uchi, na juu yao wote kulikuwa na Pangaboi, mzee wa baraza, mwenye miaka hamsini na miwili, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe aliwahi kushikwa mkono na mwanamke mara moja tu. Alikuwa nesi, na alikuwa akitafuta mshipa. Pangaboi huyo ndiye aliyejitwika kazi ya kumfundisha Noritaka mapenzi.

"Usiwe na haraka," Pangaboi aliandika. "Mwanamke ni kama mota ya zamani. Ukiwasha kwa nguvu, inaungua." Watu mia na ishirini wakampigia makofi. Makofi ya nini, sijui.

Sasa huyu Chinatsu. Bibi yake, Bibi Tome, alifariki Februari. Nyumba ikakaa tupu hadi Agosti, ndipo mjukuu akashuka kutoka jiji la Sendai na mabegi mawili, akapata kazi kwenye kliniki ya meno karibu na stesheni. Kaka yake alitaka nyumba iuzwe, na aliliimba hilo kila wiki kwenye simu. Chinatsu alimwomba msimu mmoja. Kwenye kona ya mtaa, karibu na pale tunapoweka taka, palikuwa na mkaki, mti wa matunda alioupanda babu yake, kwenye ardhi ya mtaa si ya mtu. Matunda yake yana rangi ya machungwa na ukakasi wa kukufunga mdomo, lakini ukiyamenya, ukayafunga kwenye kamba na kuyaanika kibarazani mwezi mzima, yanakuwa matamu kuliko sukari. Bibi Tome aliyaanika kila mwaka na kila nyumba ikapata fungu lake.

"Mama Konno," Chinatsu alimwambia mama yake Noritaka siku moja wakinywa chai kibarazani, "mimi nimejiwekea hivi. Nikiweza kuanika matunda ya bibi mwaka huu, nikayaona yananing'inia pale kama zamani, nabaki. Nisipoweza, basi mimi ni wa mjini tu, nirudi zangu, na kaka auze."

"Utaweza, mwanangu. Nitakuonyesha kufunga kamba. Bibi yako ndiye aliyenifundisha mimi."

Noritaka alikuwa nyuma ya mlango, amejibanza, anasikiliza. Alilisikia neno "nabaki" na moyo ukamruka. Habari ya matunda ilimpita pembeni.

Hapa kwetu habari za mtaa husafiri kwa ubao. Ni ubao mwepesi wenye kibanio na karatasi, unatoka kwa mwenyekiti, Mzee Hatakeyama, unakwenda nyumba kwa nyumba. Unasoma, unagonga muhuri wa jina lako kwenye kisanduku chako, unaandika tarehe, unampelekea jirani anayefuata. Ni kazi ya dakika tano. Ubao ukishapita, mtu anahesabiwa amejua, na hakuna atakayekugongea kukwambia tena. Nyumba ya akina Konno ilikuwa ya saba. Ya nane, na ya mwisho, ilikuwa ya Mogami. Kwa miaka thelathini na moja Mama Konno ndiye aliyeuvusha, na haukuwahi kulala kwake usiku mmoja.

Lakini Oktoba hiyo Mama Konno alikwenda Morioka kumwuguza dada yake aliyepasuliwa goti. Aliacha mchuzi kwenye friji na maagizo matatu: funga gesi, usiache mlango wazi kwa sababu ya dubu, na ubao ukija upeleke kwa Chinatsu siku hiyohiyo. Noritaka akasema "Ee."

Ubao ukafika tarehe kumi, Jumanne. Noritaka akagonga muhuri, akaandika tarehe, akasimama kibarazani na ubao mkononi, na hapo ndipo akili ilipomzukia. Alikuwa na sababu halali, ya kiserikali kabisa, ya kubisha mlango wa Chinatsu. Hatua ishirini. Mtu mwingine angevaa ndara akaenda. Yeye akapanda ghorofani, akaupiga picha ubao na kuitundika barazani.

"Wazee, nimepata nafasi. Nisemeje?"

Toba! Baraza zima likaamka. Feni zikasahaulika. Mota Moto akasema usiuache kwenye sanduku la barua, huo ni uoga. Waya Uchi akasema usiende Jumanne, Jumanne mwanamke anakuwa amechoka na kazi. Mwingine, wa Kagoshima huko, akataka kujua mlango wake unafunguka kuelekea kushoto au kulia, ili ijulikane asimame upande gani. Noritaka akatoka, akachungulia, akarudi kujibu. Kushoto. Pangaboi akatoa hukumu: jambo la kwanza ni sentensi ya kwanza. Bila sentensi ya kwanza, hakuna kwenda. Itafutwe, ipigiwe kura.

Katikati ya kelele hizo kulikuwa na mtu mmoja aliyejiita Kasi ya Chini. Hakuwa mwongeaji. Kwa mwaka mzima alikuwa ameandika mara nne, zote kuhusu grisi. Yeye ndiye peke yake, kati ya mia tatu, aliyeikuza ile picha na kuisoma karatasi.

"Samahani," akaandika. "Hiyo karatasi inazungumzia kukatwa kwa mti, na ina tarehe. Si umpelekee tu leo?"

"Huyu naye!" Waya Uchi akamjibu. "Watu tunajenga maisha ya mtu hapa, yeye anasoma matangazo ya mtaa."

"Kasi ya Chini, rudi kwenye grisi," akasema Pangaboi, na makofi yakaanguka kama mvua.

Na Noritaka, msomaji wa kulipwa, anayeweza kuona nukta iliyokosekana ukurasa wa arobaini wa kijitabu cha sufuria, hakushusha hata jicho kwenye ile karatasi. Juu ya maandishi yenyewe alikuwa amebandika kikaratasi cha gundi cha manjano chenye maagizo ya baraza: Moja, tabasamu. Mbili, sentensi. Tatu, usikimbie.

Na karatasi ilisema hivi, kwa maandishi makubwa ya Mzee Hatakeyama: Dubu wameanza kushuka kufuata matunda. Alama za kucha zimeonekana kwenye mkaki wa kona. Mkaki utakatwa Jumamosi tarehe ishirini na moja. Kama kuna nyumba itakayokubali kuchuma matunda yote na kuutunza mti, impigie simu mwenyekiti kufikia tarehe kumi na nane, na mti utaachwa.

Siku zikaenda. Siku ya tatu Noritaka alifika hadi getini kwa Chinatsu, akaiona baiskeli yake, akajua yumo, akarudi mbio. Siku ya tano baraza likaamua aende na zawadi. Akapanda basi hadi stesheni, akanunua keki ya njugu za chestinati iliyofungwa kwa utepe, akasimama nayo kibarazani kwake saa nzima, kisha akaila mwenyewe kwa kijiko na kuripoti kwamba ilikuwa tamu. Wenzake wakamsifu kwa ujasiri wa kuinunua.

Siku ya sita alikutana naye uso kwa uso jalalani, chini ya mkaki uliokuwa umeinama kwa uzito wa matunda.

"Kaka Konno! Mama amerudi?"

Noritaka akatikisa kichwa.

"Ukimpigia, mwambie nimeshanunua kamba. Na ngazi nimeazima kliniki. Nimeomba ruhusa Jumamosi na Jumapili, ishirini na moja na ishirini na mbili, nichume zote. Akirudi atanikuta nimeshamenya nusu." Akainua macho kutazama matunda, akatabasamu peke yake. "Unajua nina woga kama wa mtu anayekwenda kufanya mtihani?"

"Ee," akasema Noritaka, na akaondoka na mfuko wa taka ambao alikuwa amekuja kuutupa.

Barazani ilikuwa sherehe. Ameongea naye! Maneno mengi! Noritaka akayaandika yote, neno kwa neno, wao wakayachambua. Mota Moto akagundua kwamba mwanamke hamwambii mwanaume habari za ngazi bila maana fulani. Pangaboi akasema mota imeanza kupata moto.

"Jamani," Kasi ya Chini akaandika, "anataka kuchuma matunda tarehe ishirini na moja. Karatasi inasema tarehe ishirini na moja mti unakatwa. Mwisho wa kupiga simu ni keshokutwa. Hampeleki ubao, basi hata mwambieni kwa mdomo. Ndugu, simama uende sasa hivi. Acha sentensi."

Wakamfukuza. Ilichukua dakika kumi na moja. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "kuvunja umoja wa baraza." Noritaka alipiga kura pia, na alipiga ya kumfukuza, kwa kuwa wengi walishapiga hivyo, na ule ujumbe hakuumaliza kuusoma kwa sababu ulikuwa mrefu.

Tarehe kumi na saba dubu alionekana nyuma ya shule ya msingi. Tarehe kumi na nane simu ya Mzee Hatakeyama haikulia. Na hiyo tarehe kumi na nane, baada ya siku nane za mjadala, mapendekezo mia mbili na raundi tatu za kura, wanaume mia tatu wazima na akili zao walimaliza kutunga sentensi ya kwanza. Ilishinda kwa kura mia na arobaini na moja. Ilikuwa hivi: "Baridi imeanza kuingia, sivyo?"

Wacha wee! Mtoto wa chekechea angekupa hiyo akiwa anachezea kamasi.

Siku iliyochaguliwa ikawa Jumamosi asubuhi, saa mbili. Noritaka akaoga, akavaa shati jeupe na koti, akauweka ubao ndani ya koti ubavuni, leso mpya mfuko wa ndani, simu mkononi ili baraza liende naye. Akatoka. Na alipofungua mlango akausikia msumeno wa mota.

Kwenye kona walikuwa wamesimama Mzee Hatakeyama na kofia yake ya mwenyekiti, wanaume wawili wa msumeno, na Bi Kudo wa nyumba ya tano, ambaye hakuna jambo mtaani hapa analolikosa. Matawi mawili yalikuwa yameshaanguka na matunda yametapakaa barabarani, mengine yamepasuka. Shina lilikuwa bado limesimama. Na Chinatsu alikuwa anakuja anakimbia kwa ndara za ndani, ngazi ameitupa nyuma yake, kikapu bado kiko mkononi.

"Simamisheni! Jamani, mnafanya nini? Simamisheni!"

Mzee Hatakeyama akainua mkono, msumeno ukanyamaza. Ni mzee wa utaratibu, aliyekuwa mpeleka barua miaka arobaini, na tumsifu pale anapostahili.

"Binti, tulitoa taarifa. Atakayekubali kuchuma apige simu. Hukupiga."

"Taarifa gani? Mimi sijaona taarifa!"

"Kwenye ubao."

"Sijaletewa ubao, mzee. Haki ya Mungu sijaletewa."

Bi Kudo akacheka kwa pua. "Ubao ulitoka kwangu tarehe tisa. Na kwa mwenyekiti haujarudi mpaka leo. Wa mwisho ni nani? Si wewe? Utakuwa umeufunika magazeti huko. Watu wa mjini bwana, wakija wanataka matunda, utaratibu hawautaki."

"Sina! Njooni mtafute ndani! Kila kabati, njooni!" Chinatsu alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta. "Mzee, nachuma leo. Leo hii yote. Nina ngazi, nina ruhusa ya kazini. Nipe leo na kesho tu."

Mzee Hatakeyama akatazama shina, akatazama watu wa msumeno. "Kama kweli ubao haukukufikia, hilo ni jambo jingine. Hapo kosa si lako, na mti unasubiri." Akageuka. "Bwana Konno. Umekuja wakati mzuri. Ubao uliondoka kwenu lini?"

Haya sasa. Hebu simama hapa kidogo. Mti umesimama. Msumeno umenyamaza. Mzee mwenyewe ameifungua njia, na kinachotakiwa ni maneno mawili tu, "ninao mimi," au hata asiseme, aingize mkono kwenye koti autoe. Atakuwa ameaibika, ndiyo. Bi Kudo atamsema hadi mwaka mpya. Lakini mti utabaki, na msichana atabaki, na nani ajuaye, pengine siku moja angemsamehe na hata kumpenda kwa kusema kweli mbele za watu. Chinatsu alikuwa anamtazama, macho yamejaa machozi na matumaini, kwa sababu ni mtoto wa Mama Konno huyu, hawezi kusema uongo.

Noritaka akainamisha kichwa kwenye simu. Vidole vikaandika: "Wameniuliza ubao uko wapi. Analia. Nifanyeje?"

"Usikiri!" akajibu Mota Moto papo hapo. "Ukikiri umekwisha."

"Mpe leso," akasema Waya Uchi.

"Tulia," akasema Pangaboi. "Fuata mpango."

"Bwana Konno?" Mzee Hatakeyama akauliza tena.

"Mama," akasema Noritaka, kwa sauti ya kuku aliyekabwa. "Mama yuko Morioka."

Basi. Alimtaja mama yake. Mzee Hatakeyama akashusha pumzi. "Najua yuko Morioka. Na kabla ya kuondoka atakuwa ameshauvusha, yule mama miaka thelathini na moja hajawahi kuuchelewesha." Hesabu ya tarehe haikukaa sawa hata kidogo, lakini dubu alikuwa nyuma ya shule na watu wa msumeno walilipwa kwa saa. Akamgeukia Chinatsu kwa huzuni, si kwa ukali. "Pole, binti." Akashusha mkono.

Shina lile halikuchukua dakika mbili. Lilianguka kando ya barabara, na matunda yaliyobaki yakabingirika hadi kwenye mtaro. Chinatsu akapiga magoti palepale kwenye matope ya mtaro, akaanza kuokota yale mazima na kuyatia kikapuni moja moja.

Na Noritaka, mpango wake mkononi, akamsogelea. Hilo ndilo linaloniua mimi. Alitembea kwa miguu yake miwili, akasimama mbele ya yule mwanamke aliyepiga magoti kwenye matope, akakunja uso kwa namna aliyodhani ni tabasamu.

"Baridi imeanza kuingia," akasema, "sivyo?"

Chinatsu akainua kichwa. Hakuelewa. Alimtazama kama mtu anayesubiri maneno mengine yanayofuata, yale ya maana. Noritaka akakumbuka leso. Akaingiza mkono ndani ya koti kuitoa, kwa haraka, na ubao ukateleza ubavuni, ukaanguka kati ya matunda, ukafunguka.

Bi Kudo akanyoosha shingo. Chinatsu akauokota. Akaona muhuri wa Konno, tarehe kumi, na kisanduku chake kitupu. Akaona kikaratasi cha manjano. Akakisoma, na midomo yake ilikuwa ikitembea: tabasamu, sentensi, usikimbie. Akakibandua polepole, na chini yake akayakuta maandishi ya mwenyekiti, akayasoma yote hadi chini.

"Hiki ni chako," akasema, akampa kile kikaratasi.

Kisha akasimama, akaingia ndani kwake. Sote tuliokuwa pale tukadhani amekwenda kulia. Akatoka na muhuri wa bibi yake. Akauweka ubao juu ya kisiki, akagonga muhuri kwenye kisanduku cha nane, akaandika tarehe ishirini na moja, akampelekea Mzee Hatakeyama kwa mikono miwili.

"Nimesoma, mwenyekiti."

Mzee yule aliinama hadi kofia ikamdondoka.

Mama Konno alirudi Jumanne. Alijua kabla hajafika nyumbani, maana Bi Kudo alimngoja kituo cha basi. Alikwenda moja kwa moja kwa Chinatsu na begi lake mkononi, akapiga magoti mlangoni, akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Chinatsu akamwinua, wakakaa wote wawili kibarazani wakamenya matunda yale machache, wakayafunga kwenye kamba. Yalifika mistari miwili. Zamani Bibi Tome alikuwa anajaza ishirini.

Mwisho wa Novemba Chinatsu alirudi Sendai. Kaka yake ameshaleta dalali. Kabla ya kuondoka alimletea Mama Konno mstari mmoja. "Ni wa kwako, mama," akasema, na akaitia mkazo ile "kwako," huku Noritaka amesimama kwenye ngazi anasikiliza kama kawaida yake.

Jioni hiyo mama alikaa mezani akala tunda moja, polepole. Hakumkaribisha mwanawe.

"Wanasema ulimsemesha siku ile," akamwambia bila kumtazama. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia baridi imeanza kuingia."

Mama akatafuna, akameza. "Na jina langu ulilitaja kabla ya hapo au baada?"

Mama akaufunga ule mstari kwenye gazeti, akaenda nao chumbani kwake.

Mzee Hatakeyama alipanga upya njia ya ubao. Sasa nyumba ya Konno ndiyo ya mwisho, na haimpelekei mtu. Mwenyekiti anauleta mwenyewe, anasimama mlangoni na kofia yake, anangoja Mama Konno asome na kugonga muhuri, kisha anauchukua na kuondoka nao. Anafanya hivyo kwa adabu sana, na kila mara mama wa watu anashindwa kumtazama usoni.

Noritaka yeye yuko ghorofani. Baraza lilimpa pole kwa siku mbili, Pangaboi akaandika kwamba yule mwanamke hakuwa na subira, na sasa wanamshughulikia kijana mmoja wa Niigata anayempenda muuza mikate. Noritaka ni mshauri mwenye uzoefu. Amemwambia asikimbilie.

Wiki iliyopita alipata ujumbe wa pembeni kutoka kwa Kasi ya Chini, yule aliyefukuzwa. Ulikuwa mfupi, hata yeye aliumaliza: "Ndugu, ule ubao uliupeleka?"

Siku tatu aliuangalia. Alikuwa anajua jibu, na alikuwa anajua kwamba mtu huyo peke yake alistahili kujibiwa. Mara mbili aliandika "hapana," mara mbili akafuta. Siku ya nne akaunakili ule ujumbe, akautundika barazani mbele ya watu mia tatu.

"Wazee," akaandika, "nimjibuje?"